Mafundi waliokataa kuanza kazi: tathmini ya huduma ya kukarabati sakafu iliyoharibiwa na unyevu

Timu ya mafundi ninayoitathmini hapa ilifika nyumbani kwangu mara mbili kabla ya kuanza kazi yenyewe, na mara ya kwanza haikubeba mashine yoyote ya msasa. Ilikuja na kipimo cha unyevu chenye sindano mbili, kipimo cha hewa, tochi, kipande cha nailoni na selotepu pana. Nilikuwa nimewaita kwa ajili ya sakafu ya mbao ya sebule na ya chumba kimoja cha kulala, pamoja na ushoroba wa vigae, na kwa kuwa nilikuwa nimeshalipia ukarabati wa namna hiyo mara mbili bila mafanikio, nilikereka kidogo kumwona mtu anayelipwa akipiga magoti na kuandika namba kwenye daftari. Sasa sakafu imekwisha kupita majira ya mvua na ya kiangazi, na ninaona kwamba thamani kubwa ya huduma ile ilikuwa katika zile namba na katika kusubiri kulikofuata. Msasa na vanishi, ambavyo ndivyo mteja huviona, vilikuwa sehemu ndogo ya kazi, na ndipo hasa walipoteleza.

Inafaa nieleze kwanza uharibifu walioukuta. Sakafu yangu ni ya mbao ngumu zenye unene wa milimita 20 na upana wa milimita 100, ulimi wa ubao mmoja ukiingia katika mfereji wa jirani yake, zote zikiwa zimepigiliwa misumari juu ya mbao nyembamba zilizolazwa kwenye zege. Kila mvua zilipoanza, kingo za mbao zilinyanyuka na katikati kukabonyea, kiasi kwamba aliyetembea pekupeku alihisi matuta chini ya nyayo. Kila kiangazi mbao hizohizo zilijivuta na kuacha nyufa zilizoweza kumeza sarafu. Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, alikuja wakati wa kiangazi akazijaza nyufa zote kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, na kwa miezi michache sakafu ikapendeza. Mvua ziliporudi, mbao zilivimba zikakosa pa kwenda, zikasukumana mpaka nyuzi za kingoni zikapondeka, na kwa kuwa nyuzi zilizopondeka hazirudii umbo lake, kiangazi kilichofuata kilileta nyufa pana kuliko za awali. Kampuni ya pili, ambayo nayo sitaitaja, ilikuja katikati ya mvua, ikayaona matuta na kuyasaga kwa mashine ya msasa hadi sakafu ikawa bapa kama meza. Mbao zilipokauka, kingo zilizokuwa zimenyanyuka zilishuka mahali pake, ila sasa zilikuwa zimepunguzwa unene, na kila ubao ukabaki na mgongo katikati. Kila majira yakawa na kosa lake, na makosa yote mawili yalifanywa na watu ambao mikono yao, kusema kweli, ilikuwa hodari.

Fundi mkuu wa timu hii ya tatu alichukua karibu nusu saa kunieleza kilichokuwa kikitokea, na sijutii nusu saa hiyo. Mbao, hata iliyokaa ndani ya nyumba kwa miaka mingi, huendelea kunywa na kutoa maji kwa kufuata hewa inayoizunguka. Katika joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi, hewa yenye unyevu wa asilimia 30 huifanya mbao itulie kwenye kiasi cha maji cha karibu asilimia 6 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 50 mbao hutulia karibu na 9, na ukifika 80 hutulia karibu na 16. Urefu wa ubao hauguswi sana na mabadiliko hayo. Kinachobadilika ni upana, na ubao uliopasuliwa ukiambaa miviringo ya ukuaji wa mti hutanuka takriban mara mbili ya ule uliopasuliwa kwa kuikata miviringo hiyo. Kwa mbao ngumu nyingi za mpasuo huo wa kwanza, ambao ndio wa kawaida, upana huongezeka kwa robo hadi theluthi ya asilimia kwa kila asilimia moja ya maji inayoingia. Tulipiga hesabu pamoja juu ya ukurasa wa daftari lake: ubao wa milimita 100 ukinywa asilimia 6 zaidi ya maji huongezeka milimita 1.5 hadi 2, na sebule yangu ina mbao 40 zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo sakafu nzima ingetaka nafasi ya milimita 60 hadi 80. Misumari na msuguano huuzuia mwendo huo usitimie wote, lakini aliyeijenga sakafu yangu hakuwa ameacha hata milimita moja ukutani.

Jambo jingine alilonifundisha, ambalo sasa silisahau kila ninapoingia katika nyumba yenye sakafu ya mbao, ni kwamba umbo la ubao huonyesha maji yanatoka upande gani. Kingo zikinyanyuka, maana yake ni kwamba chini kuna maji mengi kuliko juu, kwa sababu upande wa chini hutanuka na kuusukuma ubao ujikunje kuelekea juu. Mgongo ukiwa katikati, ama uso umeloweshwa kuliko tumbo, ama mtu amewahi kuupiga msasa kabla haujakauka. Na sakafu ikinyanyuka nzima na kuachana na kilicho chini yake, hapo mbao zimekosa nafasi kabisa. Kwa mantiki hiyo, vanishi nzito zaidi, ambayo nilikuwa nimepania kuiomba, isingenisaidia lolote: vanishi hupunguza kasi ya unyevu kuingia kwa juu, haiuzuii moja kwa moja, na tumbo la ubao halina vanishi.

Vipimo walivichukua katika sehemu zipatazo 30. Kwa sindano fupi walipima uso, na kwa sindano ndefu zilizofunikwa mpaka karibu na ncha walipima sehemu ya chini ya ubao uleule. Katikati ya sebule kipimo kilisoma 11 juu na 12 chini, jambo ambalo halikumtisha mtu. Kando ya ukuta wa nje kilisoma 13 juu na 18 chini. Fundi mkuu hakusema neno, akafunga daftari na kutoka nje. Nilimkuta akitazama mchirizi wa paa uliopasuka, ambao kwa misimu kadhaa ulikuwa ukimwaga maji mguuni mwa ukuta uleule, na bustani ndogo ya maua ambayo nilikuwa nimeijaza udongo mwenyewe hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Niliona haya, kwa kuwa bustani ile nilikuwa nimeijenga kwa fahari.

Ndani waling'oa skatingi, yaani ubao unaozunguka mguu wa ukuta, pamoja na mbao mbili zilizokuwa zimelegea, wakabandika juu ya zege kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, kimezibwa pande zote kwa selotepu, na kukiacha hadi kesho yake, kwa sababu jaribio hilo hutaka saa 16 kwa uchache. Nailoni ilipobanduliwa, zege chini yake lilikuwa limekolea rangi na matone yalikuwa yameng'ang'ania upande wa ndani. Nilidhani ushahidi huo unatosha, lakini fundi mkuu alieleza kwamba nailoni inaweza kuonyesha kuwa kuna maji, ila ikitoka kavu si uthibitisho kwamba hakuna, kwani huangalia uso tu. Akatoboa zege hadi asilimia 40 ya unene wake, kina kinachotumika kwa zege linalokaukia upande mmoja, akapachika kipimo na kukiacha kitulie. Kilisoma zaidi ya asilimia 90 za unyevu wa ndani, ilhali watengenezaji wengi wa gundi na sakafu za mbao hutaka usizidi kiwango fulani kati ya 75 na 85. Zege lina vinyweleo vinavyofyonza maji ya ardhini kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa, na ikiwa halikutandikiwa nailoni lilipomwagwa, au nailoni hiyo ilichanika, hakuna kinachoyazuia maji hayo kupanda.

Baada ya hapo ndipo walipokataa kuanza kazi. Walisema hawatapokea malipo ya awali hadi mchirizi utengenezwe, udongo wa bustani ushushwe chini ya usawa wa sakafu, na ardhi ya nje ichongwe ili maji yakimbie mbali na ukuta. Kazi hizo hawazifanyi wao, na hawakuniletea binamu wa kuzifanya, jambo ambalo kwangu lina uzito katika tathmini hii, kwa maana nimewahi kukutana na mafundi ambao kila kasoro wanayoigundua ina ndugu yao wa kuirekebisha. Waliporudi mara ya tatu walikagua nje kwanza, wakaridhika, wakang'oa mbao zote za kando ya ukuta ili zege lipate kupumua, kisha wakaniambia nisubiri wiki sita, pengine zaidi, na kwamba watakuja kupima kila wiki.

Chini ya mbao zile palikuwa na ukungu mweusi na mbao za chini zilizokwisha kulainika hata kidole kiliweza kuzibonyeza. Hapa walifanya kazi safi. Walitenga eneo kwa pazia la nailoni, walivaa barakoa, walifunga mbao mbovu ndani ya mifuko palepale badala ya kuzipitisha wazi sebuleni, na hawakufagia mahali pakavu. Walinieleza kwamba kitu kilicholowa kinaweza kuanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48, na kwa hiyo mafuriko yoyote ya ndani yanapaswa kushughulikiwa siku hiyohiyo, bila kusubiri nafasi ya fundi.

Ukaushaji wenyewe ulikuwa wa mashine ya kutoa unyevu hewani pamoja na feni mbili, na waliitega mashine iiweke hewa karibu na asilimia 50. Nilipouliza kwa nini wasiikaushe kadiri mashine inavyoweza ili tumalize mapema, waliniambia kwamba uso wa ubao ukikauka haraka kuliko kiini chake hupasuka, na ufa huo haufutiki. Nakubaliana na jibu hilo. Nisichokubaliana nacho ni kwamba hakuna aliyenitahadharisha mapema kwamba tangi la mashine litajaa mara mbili kwa siku na kwamba mimi ndiye nitakayelimwaga, wala kwamba ngurumo yake ingenihamisha chumba cha kulala. Umeme wa wiki sita nao uliongeza gharama kwa kiasi ambacho kilipaswa kuonekana katika makadirio.

Kusubiri huko ndiko kulikoleta matokeo niliyoyastaajabia. Kufikia wiki ya tano, sehemu kubwa ya mbao zilizokuwa zimejikunja zilikuwa zimejinyoosha zenyewe bila kuguswa na chombo chochote. Katika makadirio ya kampuni iliyotangulia nilikuwa nimeambiwa kwamba nusu ya sakafu inahitaji kubadilishwa. Timu hii ilibadilisha mbao 11. Hata hivyo, hawakuweza kuyafuta yaliyofanywa na wengine. Ubao wa unene huu huwa na takriban milimita 6 za mbao juu ya ulimi wake, na hicho ndicho kiasi ambacho misasa yote ya maisha yake hulazimika kugawana. Kwangu, kingoni mwa baadhi ya mbao, zilibaki milimita 3. Fundi mkuu aliniambia waziwazi kwamba migongo mingine ataiacha kwa kusudi, kwa kuwa kuiondoa yote kungeufikisha msasa kwenye misumari, na kwamba baada ya kazi hii sakafu ina msasa mmoja tu uliosalia katika maisha yake. Ningependelea habari njema zaidi, lakini ndiyo habari ya kweli niliyopewa tangu matatizo haya yaanze.

Katika kurudisha mbao sina la kulalamikia. Unyevu wa zege uliposhuka chini ya kikomo, zege lilipigwa rangi ya epoksi ya kuzuia unyevu, mbao mpya za chini zikalazwa, na mbao 11 za juu zikaachwa ndani ya chumba zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite kati yake. Mafundi wengi huhesabu siku za kuziacha humo, hawa walipima. Kanuni inayotumika ni kwamba tofauti ya maji kati ya ubao na kinachoubeba isizidi asilimia 4 kwa mbao nyembamba, na isizidi 2 kwa mbao zenye upana unaozidi milimita 75, na kwa kuwa zangu ni za milimita 100 walisubiri hiyo 2. Pembezoni waliacha nafasi ya milimita 12 kuzunguka chumba chote, kisha wakaifunika kwa skatingi iliyopigiliwa ukutani na si sakafuni, ili sakafu iweze kuteleza chini yake. Nyufa ndogo zilizobaki hawakuzijaza. Walisema ni nafasi ya mvua zijazo, nami safari hii sikubisha.

Msasa ulianza na namba 40, ukafuata 60, 80 na 100. Katikati ya vyumba kazi ni nzuri sana, lakini pembeni, ambako mashine kubwa haifiki na hutumika ile ya mkono, kumebaki miduara midogo inayoonekana jioni jua likipenya dirishani kwa chini. Niliwaonyesha wakaikubali, wakaondoa baadhi, ila miwili mitatu bado ipo. Mbao mpya pia zimebaki nyeupe kuliko za zamani. Walijaribu rangi kwenye vipande vinne na kuniomba nichague, lakini walivijaribu chini ya taa ya umeme, na mchana tofauti inaonekana wazi. Nadhani kwa timu inayopima kila kitu, kuangalia rangi kwa mwanga wa jua lilikuwa jambo la kutarajiwa. Vanishi ilikuwa poliurethani ya maji, mikono mitatu, isiyo na harufu kali. Tuliruhusiwa kutembea juu yake na soksi baada ya siku moja. Hakuna aliyeniambia kwamba zulia lilitakiwa kusubiri takriban wiki mbili vanishi ikomae, na zulia langu limeacha alama ya weusi hafifu katika pembe moja.

Ushoroba wa vigae sitaueleza kwa kirefu. Vigae 14 vilikuwa vikitoa sauti ya utupu vikigongwa, na viwili vilikuwa vimenyanyuka vikiegemeana kama paa la kibanda. Vilipotolewa ikaonekana kwamba vilibandikwa kwa mabonge matano ya gundi kila kimoja, huku sehemu iliyobaki ikiwa tupu na maji yakikaa humo. Waliviweka upya kwa mwiko wenye meno ili gundi ienee chini yote, na mahali sakafu inapokutana na ukuta waliweka silikoni inayonyumbulika badala ya saruji ngumu. Chumvi nyeupe iliyokuwa imechomoza kwenye viungo waliisugua kwa brashi kavu, kwa sababu kuiosha kwa maji huiyeyusha na kuirudisha ndani, kisha ikachomoza tena. Katika chumba cha stoo kuna lamineti iliyovimba kingoni, na waliponiambia kwamba ile haikarabatiwi, kwa kuwa ndani yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa ambao ukishavimba haushuki na uso wake wa picha haupigiki msasa, nilifurahi kuona mtu akikataa pesa kwa mara ya pili.

Kwa upande wa gharama, hawa ni ghali kuliko wote niliowahi kuwaita, na karibu theluthi ya ankara yao ni ukaguzi, vipimo na ukodishaji wa mashine. Anayetaka vyumba vyake virudi ndani ya wiki moja hatawavumilia, na mwenye nyumba isiyo na chumba kingine cha kuhamia atapata taabu ya kweli. Ratiba waliniandikia wiki nane, ikawa kumi, na mara mbili walibadilisha siku ya kuja kupima bila kunipigia simu. Ningewapa alama za juu kabisa kwa uchunguzi na ukaushaji, alama nzuri kwa useremala, na za wastani kwa umaliziaji na mawasiliano.

Dhamana waliyotoa ni ya miaka miwili kwa kazi ya mikono yao, na haihusu maji yanayoingia kutoka nje. Niliposoma kifungu hicho nilidhani ni mlango wa kutorokea, ila walikiambatanisha na karatasi ya vipimo vyote 30, kila kimoja na mahali pake kwenye mchoro wa chumba, ili siku yoyote ya ubishi tupime tena palepale. Nimejinunulia kipimo kidogo na huchukua namba zile kila mwanzo wa mwezi. Katika kilele cha mvua zilizopita, kando ya ukuta wa nje kilisoma 12 juu na 13 chini, kingo hazikunyanyuka, na kiangazi nyufa hazikuzidi milimita 1. Kuna ubao mmoja karibu na mlango wa chumba cha kulala unaolia ukikanyagwa. Niliwapigia wiki iliyopita, fundi mkuu akaniuliza kipimo kinasoma ngapi, nikamtajia, akasema tusiuguse mpaka mvua ziishe.